Kujitosheleza kwa shamba Kwale: mvua, hati na ndovu

Anayetaka kuuacha mji akaishi kwa kulima, kufuga na kuvua husifiwa Kwale kabla hajaulizwa ni Kwale ipi. Kaunti hii ya kusini mwa pwani ya Kenya ina nchi tatu ndani yake: ukanda wa bahari kutoka Diani hadi Vanga, vilima vya Shimba, na nyika ya Kinango ambako bei ya ardhi ni rahisi kwa sababu mvua ni haba.

Hoja ya wanaoitetea ina uzito. Vilimani na karibu na bahari, mwaka wa kawaida huleta zaidi ya milimita 1,000 za mvua, ya masika na ya vuli, na hapo mnazi, mkorosho, mwembe, mchungwa na muhogo hukua bila kubembelezwa. Mnazi peke yake hutoa tui, mafuta, makuti ya paa na kuni, ingawa hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mdudu aitwaye chonga anaweza kuutoboa kilele ukafa. Anayetegemea mahindi, kwa maoni yangu, amekosea zao. Muhogo na kunde ndivyo vinavyovumilia mvua inayokatika katikati ya msimu. Bahari nayo si ghala la kufunguliwa utakapo, kwani kusi ikivuma mashua ndogo hukaa ufuoni siku nyingi.

Upande wa pili unaanzia hapo hapo penye rutuba. Ndovu wa hifadhi ya Shimba Hills huvuka na kumaliza shamba la migomba kwa usiku mmoja, na mbung'o hudhoofisha ng'ombe, kwa hiyo mbuzi wachache na kuku wa kienyeji ni mwanzo wenye busara kuliko ng'ombe wa maziwa. Kinango hakuna tui la kuzungumzia. Huko wenyeji huishi kwa mifugo na silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua, na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliwaonyesha wengi kwamba silanga nayo hukauka.

Lakini linalonitia shaka zaidi ni hati. Sheria ya ardhi ya 1908 iliandikisha madai ya watu binafsi katika ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, hata familia zilizozika wazee wao hapo zikaitwa maskwota. Mnunuzi anaweza kushika hati safi, akapata kibali cha bodi ya ardhi ambacho bila hicho mauzo ya shamba ni batili, kisha akakuta nyumba na makaburi ndani ya mipaka yake. Atakayeishi kwa shamba anahitaji majirani wa kumwazima mbegu na kukesha naye ndovu wakija, na ujirani huo hauanzi kwa kuwafukuza watu.

Mimi ningechagua vilima, mbali kidogo na uzio wa hifadhi, tena ningekwenda Februari, jua likiwa kali na visima vimeshuka, nikaonja maji kabla ya kutoa arubuni.