Usiniambie nitupe muvi zangu, niambie tv gani inaziheshimu

Kuna jibu moja linaniudhi sana na nakutana nalo kila mara. Mtu anauliza kistaarabu kabisa, jamani muvi zangu nyingi ni DVD na faili za 720 (yaani picha ya mistari 720), nataka kununua tv mpya ya 4K, nichukue ipi? Anajibiwa: achana na hivyo vimuvi vya kizamani, tafuta za 4K. Basi, mada imefungwa. Hajajibiwa alichouliza, na aliyemjibu anaondoka akiamini kabisa kwamba kasaidia.

Mi naona hilo ndo swali la maana kuliko yote kwa mtu anayenunua tv leo, kwa sababu wengi wetu tulichonacho ndo hicho. Na kuna muvi ambazo toleo la 4K halipo na halitakuja kuwepo. Muvi iliyopigwa kwa filamu ya milimita 35 ina bahati, negativu ikiwa bado nzima inaweza kuskaniwa upya na ikatoka picha kali kuliko tuliyowahi kuiona. Lakini kazi zilizorekodiwa kwa kanda ya video, tamthilia kibao za miaka ya 80 na 90, muvi za bajeti ndogo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, video za harusi za wazazi wetu, ile mistari 480 au 576 ndo yote iliyopo duniani. Hamna nyingine imefichwa mahali. Ukimwambia mtu atafute ya 4K unamwambia asiiangalie tena, na hilo huna haki ya kumwambia.

Sasa tupige hesabu kidogo. DVD ya PAL, ule mfumo wa mistari 576, ina picha ya 720 kwa 576, yaani pikseli (vidoti vinavyounda picha) 414,720. Tv ya 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Gawanya, unapata 20 kamili. Kwahiyo ukiweka hiyo DVD ikajaza skrini ya 4K, katika kila pikseli 20 unazoziona ni kama moja tu imetoka kwenye diski, 19 tv imezibuni yenyewe. Ukienda 8K inakuwa moja kwa 80. Faili ya 720 ina nafuu, ni moja kwa 9, na ya 1080 ni moja kwa 4, ndo maana mwenye muvi za 1080 hana haja ya kuhangaika sana, tv nyingi za 4K zinazibeba vizuri. Mwenye DVD ndo anatakiwa afungue macho.

Maana swali ni hizo 19 anazibuni nani na anazibuni vipi. Kazi hiyo inafanywa na prosesa ya picha iliyoko ndani ya tv, na hapo ndo tv mbili zenye paneli (kioo chenyewe cha picha) ya 4K ile ile na inchi zile zile zinaachana mbali kabisa. Kwenye boksi utakuta 4K imeandikwa kwa herufi kubwa, prosesa iko kwenye maandishi madogo pembeni au haijatajwa kabisa. Prosesa dhaifu inachukua pikseli za jirani inapiga wastani, picha inalegea, halafu ili kuficha huo ulegevu inaongeza ukali wa kulazimisha na unaanza kuona kamstari keupe kamemzunguka kila mtu kwenye skrini kama wamekatwa na kubandikwa. Prosesa nzuri inachunguza kwanza, huu ni ukingo wa uso, huu ni ukuta, hizi ni chenga zilizoletwa na kubanwa kwa faili, na kila kimoja inakishughulikia kivyake. Sony wana sifa ya miaka mingi kwenye kukuza picha za chini na kwa macho yangu sifa hiyo wanaistahili, ila hata kampuni nzuri huwa inaweka prosesa yake bora kwenye tv zake za juu na za chini zinapata nyingine, kwahiyo usinunue jina la kampuni, nunua modeli.

Halafu kuna kazi nyingine ya prosesa ambayo watu hawaizungumzii kabisa. Video za kanda, na DVD nyingi zilizotokana nazo, picha yake imegawanywa nusu nusu, mistari ya witiri inakuja peke yake na ya shufwa peke yake, nusu 50 au 60 kwa sekunde kutegemea mfumo, na tv inatakiwa iziunganishe ziwe picha nzima. Ikishindwa, mtu akipunga mkono unaona mistari kama meno ya kitana pembeni ya mkono wake. Hapo hata uwe na pikseli milioni 33 za 8K hazikusaidii, zitakuonyesha hayo meno vizuri zaidi tu.

Kuna jambo nalikubali, japo kwa shingo upande: hata tv ya 4K ya kawaida ina kafaida kwa muvi ya chini, kwa sababu pikseli zake ni ndogo huwezi kuona viboksi vya paneli yenyewe. Na soko limeshaamua, ukitaka inchi 50 kwenda juu zenye paneli ya maana karibu zote utakuta ni 4K. Sawa. Ndo maana simwambii mtu akatafute 1080 kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba 4K haiwezi kuwa sababu ya kuchagua hii ukaacha ile wakati zote mbili ni 4K.

Kwahiyo nawabembeleza, nendeni dukani na flashi yenu. Hili ndo jambo ninalotaka mtu alishike hata akisahau mengine yote. Video inayozunguka kwenye tv za dukani imepigwa kwa kamera za hali ya juu, mara nyingi kwa 4K kabisa, haijabanwa sana, maua yamejaa rangi, kamera inasogea polepole, mwanga kila mahali. Kwa video kama hiyo tv zote zinapendeza, huwezi kujua chochote. Wewe weka faili zako kwenye flashi, na usichague zile nzuri, chagua ile mbovu unayoipenda, ile ambayo hakika utairudia. Tafuta sehemu yenye giza watu wanaongea usiku, tafuta uso wa karibu, tafuta sehemu kamera inageuka haraka, na majina ya mwishoni yanayopanda. Mwambie muuzaji aitoe tv kwenye modi ya maonyesho, aweke modi ya sinema, halafu simama umbali ule ule utakaokaa nyumbani, siyo pua kwenye kioo. Kwenye lile giza angalia kama kuna viboksi vinatembea ukutani. Kwenye uso angalia kama ngozi bado ni ngozi. Duka likikataa flashi nenda duka lingine, hela ni yako na tv utakaa nayo miaka.

Na mkiwa mnachagua faili za kwenda nazo msidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye jina la faili, angalieni faili ina data kiasi gani kwa kila sekunde. Muvi ya saa mbili iliyobanwa ikawa MB 700 inapata chini ya megabiti 1 kwa sekunde, picha na sauti humo humo. DVD ya GB 4.7 kwa muda ule ule inapata kama megabiti 5. Blu-ray, picha peke yake inaweza kufika 40. Kodeki (njia za kubana video) za sasa zinabana kwa akili kuliko ile ya DVD, hilo ni kweli, lakini faili ya 1080 iliyokamuliwa hivyo bado inaweza kuonekana vibaya kuliko DVD ya kawaida iliyotengenezwa vizuri, na mtu analaumu tv mpya bure.

Kuhusu uso niseme kidogo zaidi maana linanigusa. Siku hizi tv nyingi zinatangaza kwamba zinakuza picha kwa AI, na kwenye majengo, majani, nguo, kweli nyingine zinafanya kazi ya kupendeza. Lakini uso wa mtu aliyesimama mbali kwenye DVD unaweza kuwa na pikseli chache mno, na ikizidisha kujaza hapo haimrudishi yule mtu, inachora mtu mwingine anayefanana naye, ngozi laini kama plastiki, macho yamechongwa. Kwa muvi ya kupotezea muda labda sawa. Kwa video ya marehemu bibi yako akicheza kwenye harusi, mi nataka ule ukungu wake wa kweli, simtaki bibi aliyebuniwa na chipu. Kwahiyo angalia kama hiyo AI inaweza kupunguzwa au kuzimwa kwenye setingi. Kama haizimiki, mi hiyo tv siitaki.

Ukubwa sasa. Watu wanapenda kubwa, na kwa muvi za 4K kubwa ni raha kweli, ila kwa muvi ya chini kila inchi unayoongeza inatandaza udhaifu ule ule kwenye eneo kubwa zaidi. Jicho lenye uwezo wa kawaida linatenganisha vitu hadi dakika moja ya nyuzi (nyuzi moja ukiigawa mara 60), na ukipiga hesabu kwa hiyo, kwenye inchi 55 picha ya mistari 576 inaanza kuonekana imetulia ukiwa kama mita 4, ya 720 kama mita 3.3, ya 1080 kama mita 2.2. Ukichukua inchi 43 ile ya 576 inashuka hadi kama mita 3.2. Pima kwanza kutoka kwenye kochi hadi ukutani ndo uongee inchi. Mtu anakaa mita 2 kutoka kwenye inchi 75 halafu anashangaa DVD zake zimeharibika, DVD hazijaharibika, amezisogelea mno.

Kingine ni weusi. Kama ni mimi nachagua kati ya tv yenye kontrasti nzuri (tofauti kati ya weupe na weusi wake) na yenye mapambo mengine yoyote, nachukua kontrasti bila kufikiria mara mbili, maana picha ya chini ikikosa undani weusi wa kweli ndo unaoibeba. OLED inazima pikseli moja moja, hapo hamna mjadala. Kwenye LCD ulizia paneli ya aina ya VA, kontrasti yake kwa kawaida inafika elfu kadhaa kwa moja wakati ya aina nyingine, IPS, inazunguka elfu moja, ila VA ukikaa pembeni sana inafifia. Mwanga mkali wa HDR (mfumo mpya wa picha zenye mwanga mwingi) usikusumbue kichwa, muvi hizi ni SDR, ule mfumo wa kawaida wa zamani, na zilipangwa kwa mwanga wa kama niti 100 tu (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), na ile setingi ya kuigeuza SDR iwe HDR kwa nguvu izime.

Ukishaifikisha nyumbani, kabla hujakaa, kaue ile setingi ya kulainisha mwendo. LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung kwa muda mrefu wameiita Auto Motion Plus. Muvi nyingi ni fremu 24 kwa sekunde na tv inatunga fremu za katikati ambazo hakuna aliyezipiga, kwenye michezo ya mpira sawa, kwenye muvi inaonekana kama kipindi cha tv cha mchana, na kwenye muvi ya chini yenye chenga prosesa inachanganyikiwa kabisa mpaka kingo za watu zinachanika wakitembea. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima wakiomba watu waizime, na mwaka uliofuata UHD Alliance, muungano wa kampuni za tv na studio za filamu, wakatangaza Filmmaker Mode, modi ambayo inazima hayo yote na upunguzaji wa chenga kwa mpigo na kuacha umbo la picha lilivyo. Tv ikiwa nayo ianzie hapo. Ila mi natofautiana nayo sehemu moja, kwa faili zilizobanwa sana ile setingi ya kupunguza chenga za mgandamizo iweke kwenye ngazi ya chini, inasaidia kweli. Kwa DVD nzuri iache imezimwa.

Na tafadhali, muvi ya 4 kwa 3, umbo la tv za zamani, iache na mikanda yake myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze skrini umewanenepesha watu wote, ukiikuza umekata vichwa. Mikanda siyo hasara.

Jambo dogo ila linaumiza: kuna tv mpya hazisomi faili za avi za zamani au zinaonyesha picha bila sauti kwa sababu hazina DTS (mfumo mmoja wa sauti za muvi), na utaligundua hilo kwa ile flashi yako dukani, siyo kwenye karatasi ya sifa. Siyo sababu ya kuikataa tv nzuri, kipleya kidogo cha nje au kompyuta kinamaliza tatizo. Kifaa cha nje kinaweza hata kukuza picha kuliko tv yenyewe, Nvidia Shield TV ya 2019 kwa mfano ilikuja na ukuzaji wake wa AI, na kwenye kompyuta mpv, programu ya kuchezea video, inakuachia uchague mwenyewe njia ya kukuza. Cha muhimu ni kazi ya kukuza ifanywe na mmoja tu, pleya ikishapandisha hadi 1080 kwa ovyo na tv ikapandisha tena hadi 4K, makosa ya wa kwanza yanakuzwa na wa pili. Jaribu zote mbili kwa sehemu ile ile ya muvi. Mi kwenye tv yenye prosesa nzuri naiacha pleya itoe 576 ilivyo na kazi yote naiachia tv, kwenye tv ya bei ya chini nafanya kinyume, kompyuta inapandisha hadi 4K na tv inapokea tu.