Kuangalia fainali kwenye simu: ushabiki kamili au nusu?

Kuna maneno tunarushiwa sana sisi tunaoangalia mechi kwenye simu, kwamba shabiki wa bando sio shabiki, kama kweli unaipenda timu nenda uwanjani au basi angalau nenda kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, ukae na wenzako mfurahi pamoja na mlie pamoja. Nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, mmoja ni mjomba wangu ambaye huu ushabiki wa klabu ya Simba nimeurithi kwake, kwa hiyo nataka niyajibu vizuri. Wana pointi, tena kubwa, ila kuna sehemu wanatuonea.

Nianze na siku yenyewe. 25 Mei 2025, Jumapili, mechi ya marudiano fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco. Kule Morocco wiki moja nyuma tulishapigwa 2-0, goli zote mbili ndani ya dakika 15 za mwanzo, sasa mechi imekuja Zanzibar na nchi nzima inahesabu tunahitaji goli ngapi. Mi nilikuwa Morogoro hospitali namuuguza mama, kafanyiwa upasuaji siku mbili kabla, ndugu wengine wamesharudi makwao, nimebaki mwenyewe kwenye kile kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Uwanjani siwezi, kibandani siwezi, hata kile cha nje ya geti ambacho ni hatua mia tu siwezi, maana akitaka kugeuzwa nani atamgeuza. Nikaweka bando GB 3, nikafungua apu, hedifoni sikio moja, sikio la pili nimemuachia mama.

Dirisha la wodi lilikuwa wazi na kibanda chenyewe kinasikika vizuri tu. Kwenye simu yangu mpira bado unapigwapigwa katikati, mara nje pakalipuka kelele. Moyo ukapaa. Lakini kwa Tanzania kelele peke yake haikwambii kitu, maana kila kibanda kina watu wa Yanga, watani wetu, waliotoa jero yao kuja kumshangilia mgeni, akifunga Berkane kelele ipo na akifunga Simba kelele ipo. Nikakodoa macho kwenye kioo kama nusu dakika hivi, ndo nikaiona, Joshua Mutale, dakika ya 17. Sikuweza kupiga kelele wodini nikaishia kumshika mama mkono kwa nguvu. Akaniambia polepole, "Mbona mi nimejua tangu saa ile, zile zilikuwa za kwenu." Nyumbani kwake amepakana na kibanda, kelele za Simba na za Yanga anazitenganisha akiwa jikoni.

Hapo ndo nakubaliana na mjomba kwenye pointi yake kubwa. Kitu ambacho simu inakunyang'anya ni muda. Picha inapokuja kwa intaneti inakatwakatwa vipande vya sekunde chache chache, simu inavikusanya kadhaa kwanza ndo ianze kuonyesha ili isikwamekwame, kwa hiyo wewe siku zote uko nyuma, wa king'amuzi anakutangulia, na wa uwanjani anawatangulia wote. Sekunde 30 au 40 ukizisikia kwa mdomo ni kidogo ila kwenye fainali ni nyingi mno. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma alishatolewa kwa nyekundu, tuko pungufu, Steven Mukwala akaweka mpira wavuni. Nilikuwa nimeshasikia mlipuko nje nikajua linakuja, nikaliona, nikasimama kabisa kwenye kiti, na wakati mi ndo kwanza nasimama kule nje kumeshapoa. Kimya. Wao walishafika kwenye VAR, refa akikagua goli kwa video, mi bado niko kwenye goli. Nilishangilia goli ambalo wenzangu walikuwa wameshalipokonywa, na nilijua kwa kile kimya kwamba limekataliwa kabla refa wangu hajaweka mkono sikioni. Ile furaha ilikaa sekunde chache tu halafu ikanifia mkononi peke yangu, hakuna hata wa kumuuliza kwani ilikuwa ofsaidi kweli. Na la Soumaila Sidibé la dakika za nyongeza lilipoingia sikuhitaji hata kuliona, kelele zilikuja chache chache, za upande mmoja, mama akanitazama na mi nikamtazama. 1-1, jumla 3-1, kombe limeenda Berkane.

Kwa hiyo mtu akiniambia kibandani kuna kitu ambacho simu haina namkubalia bila ubishi. Pale mnaumia dakika moja wote. Tena kibanda ni biashara ya mtu, kuna kijana ameandika mechi kwa chaki kwenye ubao tangu asubuhi, amepanga mabenchi, amelipia kifurushi, kuna dada anauza kahawa na kashata pale mlangoni, na kila mmoja wetu akijifungia ndani na simu yake wale wote wanakosa. Na pesa ya getini, mechi hizi za CAF, shirikisho la soka Afrika, mapato ya mlangoni ni ya klabu ya nyumbani, shabiki wa simu hachangii chochote pale.

Lakini sasa tugeuze upande wa pili. Mjomba anasema nenda uwanjani, uwanja upi? Fainali ile tulitakiwa kucheza kwa Mkapa pale Dar, uwanja wa watu 60,000, ile "kwa Mkapa hatoki mtu" haikuanza kusemwa bure. CAF wakasema pichi haifai, klabu ikalalamika weee, mwisho wa siku mechi ikaenda New Amaan, uwanja wa watu kama 15,000. Piga hesabu mwenyewe, watu 45,000 ambao wangekuwepo kwa Mkapa hawana kiti, na kati yao wenye nauli ya boti na pa kulala Unguja ni wangapi? Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamwambia hana mapenzi kwa sababu amechungulia dirishani.

Na hata mlango ukiwa wazi sio kila mtu anaweza kupita. 28 Mei 2023 fainali ya kwanza ya Yanga na USM Alger pale pale kwa Mkapa watu walikanyagana getini, mmoja akafariki na wengine 30 wakaumia. Yule alikuwa mtani wangu kwa rangi ya jezi tu, alitoka kwao kwenda kuangalia mpira hakurudi. Tangu siku ile mtu akiniambia ana mtoto mdogo, au mama mjamzito, au yeye mwenyewe miguu haimsaidii, kwa hiyo anaangalia nyumbani kwenye simu, simuulizi mara mbili. Wadada wengi pia wamenambia kibandani hawaendi, wanasukumwa, wanashikwashikwa, matusi ndo usiseme, simu kwao ndo mara ya kwanza wanaangalia dakika 90 kwa amani. Hili wanaume tunaosifia vibanda huwa tunaliruka na halifai kurukwa.

Halafu kuna hili ambalo kwangu mimi ndo linamaliza ubishi. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, kule kwao 0-0, hapa Uwanja wa Taifa tukafungwa 2-0. Mjomba alikuwa Kilosa. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, Zanzibar ndo walikuwa nayo tangu 1973, kwetu zilianza 1994. Alisikiliza kwenye redio ya betri iliyofungwa na mpira wa baiskeli, na mpaka leo akisimulia ile siku sauti inabadilika. Hakuona hata pasi moja! Hakutoa hata senti ya kiingilio. Sasa nani amewahi kumwambia mjomba yeye ni shabiki nusu? Kilichomfanya awe shabiki ni kwamba alikaa na timu mpaka mwisho kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi pale wodini nilifanya hicho hicho.

Ila kuna sehemu moja simtetei mtu wa simu, linki za wizi. Siku ya mechi kubwa kila grupu inajaa linki, mtu ameichukua picha ya wenye haki anairusha kwenye YouTube au Facebook kama yake, juu amebandika matangazo ya kubeti, na mara nyingi inakatwa katikati ya mechi unabaki unahangaika kutafuta nyingine. Nyingine ukifungua unakuta sio hata mechi, ni gemu la pleisteshen wameweka majina ya timu. Watu wanasema aah, hawa wenye televisheni ni matajiri, hawapungukiwi. Mi naona tofauti. Mwaka 2021 Azam, wenye televisheni, walisaini na TFF, shirikisho la soka Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa ligi kwa bilioni 225.6, na katika hela ile timu ndogo za mikoani ndo zinapumulia, kuna ambazo bila mgao wa televisheni hata nauli ya kwenda ugenini ni shida. Kile kinachouzwa pale ni haki ya kuonyesha peke yako, sasa kama kila mtu anaonyesha, mkataba ujao atatoa bei hiyo nani? Anayefungua linki ya wizi hamuibii tajiri peke yake, anamuibia na yule beki wa mkoani ambaye mshahara wake ndo unatoka huko.

Hapo hapo lazima niseme na upande wa anayefungua, maana wengine wamesukumiwa huko. Binamu yangu yuko Muscat, ana hela ya kulipia na anataka kulipia. Lakini haki za mechi huuzwa nchi kwa nchi, anafungua apu anaandikiwa haipatikani ulipo. Siku ile ya fainali kilichomsaidia ni rafiki yake wa Temeke aliyempigia vidio WhatsApp, akashika simu akaielekeza kwenye televisheni ya kibanda dakika 45 zote za kipindi cha pili, mkono ukichoka anabadilisha. Ni wizi? Kwa karatasi huenda ni wizi. Mi siwezi kuuweka fungu moja na yule anayerusha kwa maelfu ya watu apate hela ya matangazo, huyu alikuwa anamkalisha mwenzake kwenye benchi aliloshindwa kulifikia. Wa Muscat, wa Minnesota, wa Manchester ni wengi na mishahara wanayo, na wanaokaa mezani kuuza haki hizi, CAF na klabu zetu zikiwepo kuwasukuma, wangeweka namna ya mtu wa nje kulipia mechi moja tu kwa bei ya maana, linki nyingi zingekosa wateja bila hata kumkamata mtu.

Mama alitoka Jumatano. Mjomba alipokuja kumuona nikamueleza yote haya, la VAR na kile kimya cha nje, na la redio pia nikamuwekea. Alinyamaza kidogo akaniuliza lile la Mukwala nililiona vizuri, ilikuwa ofsaidi au tulionewa? Nikatoa simu nikamuwekea marudio, tukaliangalia mara nne.