Nazunguka, Narudi

Leo asubuhi nimepewa pole kumi na saba kabla sijafika darajani. Nimezihesabu. Sijafiwa, sijaibiwa, sijauguliwa, na gari haliwezi kuniharibikia kwa sababu sina. Nilikuwa natembea tu. Natembea kwa hiari yangu, nimevaa raba, kwenye njia ambayo mtaa huu huu ulikaa kikao, ukachangishana, ukanunua rangi, ukaiita njia ya mazoezi. Na ndio huo huo unaonipa pole.

Hii ni Morogoro, mji kasoro bahari. Bahari mimi nilishaisamehe siku nyingi. Kinachonikera ni watu.

Njia yenyewe mnaijua. Inatoka kwetu upande wa Kilakala, inafuata lami hadi Bigwa, halafu inaingia mashambani na kurudi kwa chini chini ya mlima, inavuka vijito, inakurudisha ulikotoka. Kilomita sita na ushee. Ilikusudiwa waenda kwa miguu na baiskeli. Kufika wiki ya pili ilikuwa na bodaboda, mbuzi, na bwana mmoja anayefyatulia tofali katikati. Mishale ya kuelekeza ilipakwa rangi nyeupe, mmoja kwenye mgomba. Mwenye mgomba akavuna mkungu wake, akaukata mgomba, ukaenda na mshale. Mwingine ulikuwa kwenye jiwe zuri, kubwa. Jiwe hilo sasa liko kwenye msingi wa nyumba ya mtu, na ukiufuata huo mshale utaingia chooni kwake.

Mimi nimeingia njia hii kwa amri ya daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasoma, akaguna. Daktari akiguna hata kama huna ugonjwa unaupata pale pale. Akasema, "Mzee, dakika 150 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani lenyewe ndilo linasema." Nikamwambia dakika 150 kwa wiki nazimaliza kwenye foleni ya maji, tena nikiwa na madumu, mbona presha haishuki? Akasema kusimama hakuhesabiwi. Angekuja kusimama kwetu siku bomba linapotoa.

Nilianza na baiskeli ya shemeji. Ina gia 18, inayokubali moja, nayo ni ile ya kupandia mlima. Kwenye tambarare nachezesha miguu kama fundi cherehani usiku wa kuamkia Idi, huku napitwa na muuza mkaa mwenye magunia matatu kwenye karia, anaongea na simu. Siku ya tatu cheni ikakatika. Fundi akaitazama, akacheka, akamwita mwenzake naye aje aione. Nikaamua miguu.

Mwanangu akaniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua. Hatua 10,000 kwa siku, usipofika inakununia. Nimechubuka visigino mwezi mzima kwa ajili ya hizo elfu kumi, ndipo majuzi huyo huyo mwanangu ananiambia namba hiyo ilianzia Japani mwaka 1965, watu wakiuza kimashine cha kuhesabia hatua, wakaona elfu kumi inapendeza kwenye jina. Kumbe visigino vyangu vimeharibiwa na tangazo la biashara.

Sasa ya leo.

Nilikuwa nimeshavuka kijito cha pili, natokea Bigwa, nimeshika magoti naangalia ardhi. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naangalia ardhi. Lupanga juu yangu limejifunika wingu lake, mita zaidi ya 2,100 za mlima, limetulia kama mtu anayekula pensheni. Nyuma nikasikia, "Nipishe, baba." Nikageuka. Mama wa makamo kanizidi umri, anateremka kutoka mlimani, tenga la ndizi mbivu kichwani juu ya ngata, juu ya ndizi mafungu ya mchicha, mikono yote miwili iko huru, mmoja anachokonolea meno. Huyo ametoka kwake kabla ya jogoo na anakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Jasho hana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole."

Ya kumi na nane.

"Nimeshapoa. Nafanya mazoezi tu."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi mahali, mama. Nazunguka, narudi."

Akasimama. Na mtu mwenye tenga la ndizi kichwani hasimami hovyo.

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa huku ulifuata nini?"

"Sikufuata kitu, mama."

Akaniangalia kuanzia raba hadi kipara. Sauti ikashuka, ikawa ile wanayotumia hospitalini.

"Umepoteza nini, baba?"

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili. Nikajiweka sawa, nikaanza kumweleza habari za moyo, za mishipa, za mafuta mwilini. Nilieleza vizuri. Hata mimi nilijisikia ninavyoeleza. Alipoona namaliza akageuka, akampigia ukelele kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita pale ambapo bodaboda haziruhusiwi: "Wewe kijana, hebu njoo! Kuna baba hapa kapoteza kitu, anaona haya kusema."

Kijana akaegesha. "Mzee, ni simu?"

"Simu ninayo."

"Basi ni pochi," akasema, na akaingia kwenye majani.

Hakuniuliza tena. Wakatokea watoto wawili wa shule, nao wakaingia kwenye majani, kwa furaha ya mtu aliyepata sababu ya kuchelewa namba. Yule bwana wa tofali akaja na koleo lake. Mimi nasema, "Jamani, sijapoteza kitu," na kila nikisema wanazidi kuinama. Vikaanza kuletwa mbele yangu kama mahakamani. Soli ya kiatu. "Ni hii?" Hapana. Miwani isiyo na vioo. "Ni hii?" Hapana. Nusu ya mwavuli. Mtoto mmoja akaja na mfuniko wa sufuria, kishikio kimefungwa waya, akaushika kwa mikono miwili kama kombe la mpira. Hapana, mwanangu.

"Chukua tu," mama akasema. "Usirudi mikono mitupu."

Nikauchukua. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Hapo ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amekaa muda wote kwenye gogo wala sikumwona, akakohoa. Kila mtu akanyamaza. "Huyu hajapoteza kitu," akasema. Nikataka kumkumbatia. Akaendelea: "Mwanamume hatoki nyumbani alfajiri, azunguke, arudi pale pale. Huyu kafukuzwa."

"Aaah," wakasema wote. Jambo limeeleweka.

Akaniuliza mjomba wa mke wangu ni nani. Kwa Waluguru ukoo uko kwa mama, na mambo ya nyumba yakichafuka anatafutwa mjomba. Nikamwambia, "Mzee wangu, sisi ni Wanyamwezi, na mke wangu hajanifukuza, alikuwa amelala." Akawageukia wenzake: "Mnasikia? Ametoka kwa kunyemelea."

Wakaamua kunirudisha. Nikasema natembea, zimebaki hatua elfu tatu. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni: "Hataki kwenda." Basi nikapakiwa mshikaki, dereva mbele, mimi katikati na mfuniko wangu, mzee nyuma kanishika kiuno nisiruke. Tukaenda kama mita mia tatu, mafuta yakaisha. Tukashuka tunasukuma. Nikiwa nasukuma pikipiki kwenye njia ya mazoezi, tukapitwa na yule mama na tenga lake. Akasema pole. Akanunua lita moja kwenye chupa huko mbele, akatungojea nayo. Nililipa mimi, na nauli juu, shilingi elfu mbili.

Na ile programu, kwa mitikisiko ya yale mashimo, ikawa inahesabu. Nimekaa juu ya siti, nimekumbatiwa na mzee nisiyemjua, simu mfukoni ikalia kengele ya pongezi. Hatua 14,300. Sijawahi kufika huko kwa miguu.

Mama Zawadi alikuwa anafagia. Akaona pikipiki, akaona mzee, akaona mama na tenga, watoto wa shule, bwana wa koleo, na mumewe katikati. Ufagio ukaanguka.

"Baba Zawadi, kuna nini?"

Mzee akakohoa. "Mama, tumemleta."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya. Mpokee tu. Yaliyopita yamepita."

Mke wangu akanitazama. Halafu akatazama mkono wangu.

"Huo mfuniko wa nani?"

Enyi wanaume wa Kilakala, mimi nimewahi kusimamishwa na trafiki sina leseni. Nimewahi kuulizwa risiti na mtu wa kodi. Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Mwanamume ametoka gizani, amerudi jua limechomoza, ana mfuniko wa jiko la watu. Nikasema, "Wameuokota." Akauliza, "Wapi?" Nikasema, "Kwenye majani." Akasema, "Wewe kwenye majani ulifuata nini?" na yule mama akadakia, "Ndicho nilichomuuliza mimi!" Wakashikana mikono.

Chai ikachemshwa. Vitumbua vya watoto vikaisha. Mzee akatusuluhisha kwa saa nzima ugomvi ambao hatukuwa nao, mpaka mwishoni nikaanza kuukumbuka. Mke wangu anaitikia, "Ndiyo, mzee. Kweli, mzee," na macho yako kwenye mfuniko. Akanunua vichane vitatu vya ndizi, kwa hela yangu. Watoto wa shule wakaomba niwaandikie barua ya kuchelewa. Nikaandika. Sababu ya kuchelewa: walikuwa wananitafutia.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inamtoa mtu hapa na kumfikisha Dar es Salaam kwa saa mbili hivi. Mimi kwa saa tatu na nusu nimetoka nyumbani kwenda nyumbani, tena kwa nauli.

Lakini jamani! Kutembea! Nimefanya nini mimi? Jirani yangu anaita bodaboda kwenda kununua vocha, duka analiona dirishani, hakuna anayemuuliza kapoteza nini. Vijana wa joging wanapita Jumamosi na fulana za rangi moja, filimbi na wimbo, wanafunga barabara nzima, nao wanakwenda na kurudi walikotoka vile vile, wanapigiwa makofi! Kwa hiyo shida yangu ni kwamba sina wimbo? Babu zangu walikuwa wapagazi, walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, miezi kwenda na miezi kurudi, na sidhani kama kuna mtu alisimama Bigwa akawauliza...

Walikuwa na mzigo.

Hapo ndipo nilipong'amua, nikiwa naosha vikombe. Mwenye mzigo ana safari. Yule muuza mkaa haulizwi. Yule mama haulizwi. Ukibeba hata dumu tupu, dunia yote inajua unakokwenda. Kwa hiyo kuanzia kesho natembea na dumu. La njano, lita ishirini, tupu, kilomita sita, na atakayeuliza nitamwambia nafuata maji, na huo hautakuwa uongo wa ajabu hapa mjini.

Shida ni kwamba dumu la njano halipo. Lipo kwa jirani wa nyuma, alilichukua tangu Ramadhani kwa ajili ya shughuli ya siku moja, na kizibo chake kiko kwangu, kwa hiyo mimi nina kizibo, yeye ana dumu, na hakuna kati yetu anayechota. Nimekwenda jioni hii kulidai. Kamtoto kake kakaniambia mama hayupo.

"Kaenda wapi?"

"Kaenda mazoezi."

"Na dumu je?"

"Kaenda nalo."

Nimerudi kwangu kimya kimya. Mama Zawadi ameshaufunikia mchuzi ule mfuniko. Haukai, unacheza, na kila mvuke unapoupiga unalia ka-ka-ka-ka, na kila ukilia ananitazama. Basi mwenye nao, huko njia ya chini ya mlima, waya wa kishikio ni wa bluu na umezungushwa mara tano. Njoo na sufuria yake tuujaribishe, maana hapa kwa maneno matupu hautatoka.