Bahari Ipimwe, si Bomba Pekee

Kila bamvua, maji yanapokupwa na mwamba kubaki wazi, mimi hushuka ufuoni hapa Malindi kutazama bomba moja linalotokeza chini ya ukuta wa hoteli. Maji yanayotiririka hapo, ambayo tunaambiwa yamekwisha kusafishwa, ni maangavu wala hayanuki. Lakini kuanzia bombani hadi hatua kama ishirini kuelekea baharini, mawe yamevaa mwani mwembamba wa kijani unaoteleza kama mlenda, ilhali upande wa pili wa ukuta mawe yako vile vile kama siku zote.

Ndiyo maana siridhiki na upimaji unaokoma bombani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji taka yanayoachiliwa, mathalani chembe zisizoyeyuka zisizidi miligramu 30 kwa lita, na ni vyema vikafuatwa. Hata hivyo, usafishaji wa kawaida huacha naitrojeni na fosforasi nyingi, na hizo ni mbolea: huotesha mwani, ukayafunika matumbawe na kuzizibia mwanga nyasi za baharini ambazo ni malisho ya tafi. Cheti cha maabara chaweza kuwa kizuri, huku mwamba ukigeuka polepole.

Tena kuna pepo. Wakati wa kaskazi tope la mto Sabaki husukumwa kusini, hadi kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikivuma, tope hilo huelekea kaskazini. Mtu akija na chupa yake mara moja kwa mwaka, anaweza kuisingizia hoteli kosa la mto, au (na hili ndilo nalihofia zaidi) kumpa mwenye hoteli kisingizio cha mto. Hapana budi pawepo mahali pa kulinganishia, mbali na bomba, papimwe siku ile ile, maji yakijaa na yakipwa, katika misimu yote miwili. Kwa upande wa vijidudu, vitafutwe enterokoki, yaani bakteria wa matumbo wanaoashiria kinyesi majini, kwa kuwa hustahimili chumvi kuliko E. koli, bakteria wengine wa matumbo.

Mjini Boston, Marekani, uchunguzi wa ghuba ulianza mwaka 1992, miaka minane kabla ya bomba lao refu la chini ya bahari kufunguliwa mwaka 2000, hivyo walijua bahari ilivyokuwa kabla. Sisi, bomba likishatangulia, tumebakiwa na kumbukumbu za wazee wavuvi, ambao ni nadra mtaalamu kuketi nao.

Na matokeo yasifungiwe kwenye majalada. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Bandani kwa wavuvi pana ubao mweusi ambapo bei ya tafi na pweza huandikwa kwa chaki kila asubuhi, na pembeni mwake nafasi ipo.