Mgeni Aliyewapita Wakongwe wa Fantasi

Katika ligi yetu ndogo ya marafiki hapa Kampala, ndani ya mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambamo kila mtu huunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, timu iliyoingia kwa mara ya kwanza msimu wa 2024/25 ilimaliza ya pili na kuwaacha nyuma watu waliocheza kwa miaka mingi. Tangu msimu ufungwe mwezi Mei 2025, wakongwe wana jibu moja tu, kwamba ilikuwa bahati. Dai hilo lina ukweli ndani yake, ingawa naona linawasaidia pia kukwepa kuhesabu makosa yao.

Haki yao tuwape kwanza. Mohamed Salah wa Liverpool alikusanya pointi 344, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya mchezo huu, akivunja rekodi yake mwenyewe ya pointi 303 ya msimu wa 2017/18. Alicheza mechi zote 38, akafunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao. Wala hapakuwa na Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) katikati ya msimu kumwondoa Liverpool, kama ilivyotokea Januari 2024. Kwa kuwa pointi za nahodha huzidishwa mara mbili, aliyemvika utepe wa unahodha wiki zote angevuna pointi 688 kwa mtu mmoja. Mgeni wetu alimwacha na utepe karibu msimu mzima, na mwezi Agosti hakuna aliyeweza kuyajua hayo yote.

Hata hivyo, Salah alikuwa sokoni kwa kila mtu kwa bei ileile ya kuanzia msimu ya pauni milioni 12.5, na wakongwe karibu wote walikuwa naye. Kilichowatofautisha ni utepe. Erling Haaland wa Manchester City alipofunga mabao 10 katika mechi tano za mwanzo, utepe ulihamia kwake. Cole Palmer wa Chelsea alipoifunga Brighton mabao manne katika kipindi cha kwanza, tarehe 28 Septemba, wengine wakamkimbilia yeye wiki iliyofuata. Siku hiyohiyo Salah alifunga ugenini kwa Wolves, na sikumbuki mtu yeyote kati yetu akilizungumzia bao hilo. Waliohama hivyo walikuwa wakinunua pointi za wiki iliyokwisha kupita.

Halafu kuna makato, ambayo kwa maoni yangu yalichangia zaidi kuliko inavyokubaliwa. Kila uhamisho, yaani kubadilisha mchezaji kikosini, unaozidi ule wa bure hukatwa pointi 4, nazo ndizo thamani ya bao zima la mshambuliaji; kwa hiyo anayeletwa kwa makato hulazimika kwanza kuvuna pointi hizo ili kulipa deni, ndipo aanze kumfaidi mwenye timu. Anayekatwa mara moja kila wiki kuanzia wiki ya pili atapoteza pointi 148 kufikia mwisho wa msimu. Hakuna kwetu aliyefika huko, lakini wapo waliokatwa mara kwa mara ilhali msimu huohuo kanuni ilibadilishwa, ikaruhusu uhamisho wa bure kulimbikizwa hadi mitano badala ya miwili. Kanuni mpya ilimpendelea mwenye subira, na wakongwe waliendelea kuucheza mchezo wa zamani. Mgeni hakuwa na mazoea yoyote ya zamani yaliyohitaji kuachwa.

Wapo wanaosema kwamba subira hiyo ilikuwa uvivu uliosadifu kulipa. Ni hoja nzito, kwa sababu timu isiyoguswa huendelea kuhesabiwa pointi vilevile. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, vikosi vyetu vilijichezea vyenyewe. Lakini timu hii haikutelekezwa. Majeruhi waliondolewa kwa wakati, na uhamisho uliolimbikizwa ulitumika kabla ya wiki ambazo baadhi ya klabu zilicheza mara mbili. Mvivu hana hesabu ya namna hiyo.

Kipimo chenyewe ni msimu wa 2025/26, ambao AFCON ilipangwa kuanza Morocco tarehe 21 Desemba 2025 na Salah kuitwa na Misri, huku sisi tukiwa na Cranes wetu, timu ya taifa ya Uganda, wa kuwatazama hukohuko. Katika hali hiyo utepe hulazimika kuhama, na mgeni huchagua nahodha wiki baada ya wiki kama wenzake. Akiporomoka hapo, wakongwe watakuwa na ushahidi ambao kwa sasa hawana.