Shule za kata na watoto waliokuwa hawahesabiwi

Matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania ya mwaka 2012 yalipotangazwa, Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Lawama nyingi zikaangukia shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa katika kata kwa nguvu za wananchi. Baadaye serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini jina baya likabaki.

Wanaozilaumu wana hoja. Mtoto aliyekaa miaka minne bila mwalimu wa hisabati amedhulumiwa, hata kama alivaa sare kila asubuhi. Madarasa yalitangulia, walimu wakaja baadaye, wengine wakiwa wametoka kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache tu. Tena mtoto huyo alitoka shule ya msingi akiwa amesoma kwa Kiswahili, akakuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza.

Ila hiyo asilimia 60, ni ya akina nani? Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, wengi wao wasingekanyaga chumba cha mtihani. Walikuwa wakimaliza darasa la saba, hata waliofaulu wakibaki nyumbani kwa kukosa nafasi. Binti aliyeozwa akiwa na miaka 15 hakuingia kwenye asilimia yoyote, wala redio haikumtangaza. Tunapozipima shule za kata kwa kipimo cha zile za zamani za bweni, tunalinganisha watoto waliochujwa na watoto waliofunguliwa mlango. Hilo linaniuma kila matokeo yanapotoka.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na wazazi. Walisomba mawe ya msingi, kina mama wakabeba maji ya kufyatulia tofali. Si wote walijitolea kwa hiari: kuna kaya zilizochukuliwa kuku na mgambo kwa kukosa mchango, na hilo lilikuwa kosa. Lakini ndiyo maana mzee asiyejua kusoma anaweza kukuonyesha ukuta na kusema huu ni wetu. Ada ya 20,000 kwa mwaka ilipofutwa mwaka 2016, madarasa hayohayo ndiyo yaliyobeba wimbi la watoto.

Pengo kubwa bado ni mwalimu. Anaripoti, anakosa chumba cha kupanga karibu na shule, anaomba uhamisho. Kata yenye fedha ya jengo moja tu, ianze na nyumba ya mwalimu.