Mwacheni Mjusi Ukutani

Jamaa mmoja amenionyesha picha ya mijusi kafiri waliokufa sakafuni, akijivunia kuwa ameisafisha nyumba kwa dawa ya kupuliza. Waliokuwepo wakaulizana inauzwa wapi. Hakuna aliyeuliza mijusi hao walikuwa wakila nini. Nimeondoka pale nimekasirika, na hasira haijaniisha.

Walikuwa wakila mbu, nondo, mende wachanga, mchwa, buibui. Wenyewe huliwa na nyoka, mwewe, nguchiro, paka. Hapo katikati ndipo watu hawataki kutazama. Mwewe hawezi kushiba mbu. Chakula kilichotawanyika katika maelfu ya wadudu hakimfai mpaka apatikane wa kukikusanya, na mjusi huikamilisha kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko ndege au panya. Damu yake ni baridi, joto analipata juani, hachomi chakula ili apate joto. Kwa hiyo anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya nishati anayotumia panya wa uzito uleule, mara nyingi hata pungufu, na sehemu kubwa zaidi ya anachokula inakuwa mwili na mayai. Mwili huo na mayai hayo ndiyo riziki ya wengine.

Haya yamejaribiwa. Katika visiwa vya Bahama, watafiti walizungushia uzio vipande vya ardhi, wakaondoa mijusi katika baadhi na kuwaacha katika vingine. Palipokosa mijusi, buibui waliongezeka mno na majani ya mimea yakaharibiwa zaidi na wadudu.

Halafu kuna Guam, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Nyoka mmoja wa mitini aliingia huko na mizigo baada ya Vita Kuu ya Pili vya Dunia, akawamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Ndege walipokwisha, nyoka hawakufa njaa, kwa kuwa mijusi walikuwepo, na nyoka wachanga wa aina hiyo huwategemea hao hasa. Haya, nakubali kwamba hapo mjusi alimlisha mharibifu. Lakini mnyama anayeweza kukilisha kizazi baada ya kizazi cha nyoka, msitu ukiwa umebaki bila ndege, si mnyama wa kuitwa uchafu.

Na kazi ya mijusi si kula wadudu na kuliwa tu. Mauritius, mijusi wa jenasi ya Phelsuma huchavusha maua. Kenge, naye wa jamii ya mijusi, hula mayai ya mamba.

Na joto la dunia tayari linawapunguza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 12 ya makundi ya mijusi yaliyochunguzwa Mexico yalikuwa yametoweka tangu 1975. Jua linapokuwa kali mno mjusi hulazimika kukaa kivulini, na muda wa kutafuta chakula unampotea. Juu ya hayo sisi tunampulizia sumu!

Ni kweli, kinyesi chake kinaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Basi funika chakula, futa meza, nawa mikono. Dawa ile haibaki ukutani. Mjusi aliyelegezwa na sumu hakimbii, na paka wako akimkuta hatamwacha.